Vittorio Sella, Mpiga Picha Mwenye Kilele Chake Rwenzori

Askari atokaye Mbarara kwenda Kasese hupita Ishaka, huteremka katika Bonde la Ufa, huvuka mfereji wa Kazinga pale Katunguru, na ikiwa mbingu ni safi siku hiyo huona mbele yake ukuta wa milima uliopanda hadi kupotea mawinguni. Hiyo ndiyo Rwenzori. Wako watu wengine, kusini-mashariki ya Mbarara, ambao huijua milima hiyo hiyo kwa upande wake wa pili. Hao ni wakimbizi wa Kongo walioko katika makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro, hasa wale waliotoka Beni na Butembo. Wanande wa huko ni ndugu wa lugha na wa asili moja na Wakonzo wetu wa Kasese. Mpaka wa nchi mbili hupita katika kilele kirefu kupita vyote, kiitwacho Margherita, chenye urefu wa mita 5,109; lakini mlima haujui mpaka, na mvua yake hunyesha pande zote mbili.

Katika makazi kama Nakivale, mtu aliyekimbia bila chochote hutambua upesi thamani ya picha. Pengine nyumba yake imeteketea na shamba limetwaliwa na mwingine, na kitu pekee kionyeshacho kuwa aliwahi kuishi mahali fulani, pamoja na watu fulani, ni kipande kimoja cha karatasi kilichokunjwa ndani ya nguo. Polisi nao hulijua jambo hili kwa njia ya kazi yao. Picha iliyopigwa mahali pa tukio kabla ya vitu kuguswa ni shahidi asiyechoka wala kusahau. Makala haya yanahusu maisha ya mtu aliyepiga picha za namna hiyo, si za nyumba wala za jamaa, bali za Rwenzori yenyewe, mwaka 1906, wakati theluji yake ilikuwa bado haijaguswa.

Mtu huyo ni Vittorio Sella, Mtaliano. Katika mlima uitwao Luigi di Savoia, ulio upande wa kusini wa milima mikuu ya Rwenzori, kilele kirefu kuliko vyote ni Sella, chenye mita 4,627. Apandaye kutoka Kilembe hufika jirani yake. Wengi waliopita huko, askari wakiwamo, hawakupata kuelezwa jina hilo limetoka wapi.

Vittorio Sella alizaliwa tarehe 28 Agosti 1859 katika mji wa Biella, kaskazini ya Italia, chini ya milima ya Alps. Ukoo wake ulikuwa na viwanda vya nguo za sufu, nao ulijulikana nchini kote. Baba yake mdogo, Quintino Sella, alikuwa Waziri wa Fedha, mtu aliyesifiwa na kulaumiwa sana kwa ukali wake katika kutoza kodi, na ndiye aliyeanzisha chama cha wapanda milima cha Italia mwaka 1863. Baba yake mzazi, Giuseppe Venanzio Sella, alikuwa mtaalamu wa kemia, na mwaka 1856 alichapisha kitabu cha kufundisha kazi ya upigaji picha, wakati ufundi huo ulikuwa bado kama uganga machoni pa watu wengi. Kwa hiyo kijana huyu alirithi mambo mawili: kwa baba mdogo alirithi mlima, na kwa baba mzazi alirithi picha. Mzee alifariki mwaka 1876, Vittorio akiwa hajatimiza miaka 17.

Msomaji wa leo, ambaye simu yake hupiga picha mia kwa dakika chache, yampasa aelezwe kazi ile ilikuwaje. Picha ilipigwa juu ya kioo kilichopakwa dawa. Katika utaratibu wa zamani kioo hicho kilitakiwa kutumiwa na kuoshwa kingali kibichi, kwa hiyo mpiga picha aliyetaka kupanda mlima alilazimika kubeba hema la giza, chupa za dawa, maji na vioo vyenyewe. Kijana Sella alianza kwa njia hiyo katika milima ya kwao. Baadaye vilipatikana vioo vikavu vilivyokwisha kupakwa dawa kiwandani, na hapo hema la giza likaachwa nyumbani. Lakini uzito haukuachwa. Sella alitaka picha kubwa zenye kila ufa wa jiwe na kila mkunjo wa barafu, na hakukubali kukuza picha ndogo. Akaagiza kamera ya vioo vya sentimita 30 kwa 40. Kioo kimoja kilikaribia uzito wa kilo moja. Kamera pamoja na miguu yake mitatu ilikuwa mzigo wa mtu mzima. Askari aliyewahi kubeba bomba la mzinga mdogo na risasi zake akipanda mlima ataelewa hesabu hiyo bila kufafanuliwa.

Wala hakuchagua majira mepesi. Mwezi Machi 1882, kungali baridi kali, alikuwa mtu wa kwanza kupanda Matterhorn wakati wa kipupwe, mlima ulioua watu wanne kati ya saba waliofika kileleni mara ya kwanza mwaka 1865. Mwaka 1884 alifanya vivyo hivyo katika Monte Rosa, na mwaka 1888 akavuka Mont Blanc kutoka upande mmoja hadi wa pili wakati wa kipupwe. Hapo alikwisha kutambulikana Ulaya nzima kama mpandaji hodari. Mimi naona kwamba sifa hiyo ya upandaji imefunika kidogo ile iliyo kubwa zaidi, kwa maana wapandaji hodari walikuwa wengi wakati ule, na waliorudi na picha kama zake hawakuwapo.

Mwaka 1889 alikwenda milima ya Caucasus, katika nchi zilizokuwa chini ya Urusi, pamoja na mdogo wake Erminio. Alirudi huko mwaka 1890 na tena 1896. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimtunuku tuzo kwa picha za safari ile, kwa sababu zilirekebisha ramani. Hapo ndipo picha zake zilipoacha kuwa pambo la ukutani zikawa chombo cha kazi. Mwenye ramani hutaka kujua bonde hili linakutana na lile mahali gani, na mgongo huu wa mlima unaishia wapi. Picha iliyopigwa kutoka mahali palipo juu, ikageuzwa polepole mpaka izunguke upeo wote, hujibu maswali hayo. Ofisa wa upelelezi angeiita taarifa ya eneo.

Mwaka 1897 aliingia katika msafara wa mtu ambaye jina lake lingeambatana na lake mpaka mwisho, naye ni Luigi Amedeo di Savoia, Mtawala wa Abruzzi, mwana wa ukoo wa kifalme wa Italia na ofisa wa jeshi la wanamaji. Mwaka huo walikwenda Alaska na kupanda mlima Saint Elias wenye mita 5,489, ambao kabla ya hapo hakuna aliyeufikia kilele chake. Mwaka 1899 Sella alizunguka Kangchenjunga, mlima wa tatu kwa urefu duniani, pamoja na Mwingereza Douglas Freshfield. Kisha ukafika mwaka 1906, mwaka wa Uganda.

Rwenzori ilikuwa imewasumbua sana wageni. Wakonzo walikuwa wakiishi katika mabonde yake tangu zamani, wakiwinda, wakilima na kuheshimu theluji iliyo juu kuwa makao ya Kitasamba, mwenye mlima. Wazungu waliisikia tu, na Stanley alipoiona mwaka 1888 aliifanya kuwa habari kubwa ulimwenguni. Mwaka uliofuata ofisa wake, Luteni William Stairs, alijaribu kupanda akarudi kabla ya kufikia theluji. Wengine walifuata, na hata mwanzoni mwa mwaka 1906 walikuwapo waliofika kwenye barafu, lakini hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika milima ile ni mingapi, imepangwaje, na upi ni mrefu kuliko wenzake. Sababu ilikuwa mawingu. Mtu angeweza kukaa chini ya Rwenzori wiki nzima asijue kama kuna mlima.

Msafara wa Mtawala wa Abruzzi uliondoka Naples mwezi Aprili 1906. Walishuka Mombasa, wakapanda garimoshi mpaka Kisumu, wakavuka Ziwa Victoria kwa meli mpaka Entebbe, na kutoka hapo wakaenda kwa miguu mpaka Fort Portal. Walikuwamo Kamanda Umberto Cagni wa jeshi la wanamaji, mganga Cavalli Molinelli, mtaalamu wa mawe Alessandro Roccati, waongozaji wa milimani kutoka Alps, na Sella pamoja na msaidizi wake Erminio Botta. Walikuwamo pia mamia ya wapagazi. Kutoka Fort Portal walifuata bonde la mto Mubuku, na huko juu ambako baridi na matope viliwashinda watu wa nchi tambarare, mizigo ilichukuliwa na Wakonzo. Kambi kuu iliwekwa Bujongolo, chini ya jabali lililoinama kama paa, kiasi cha mita 3,800 juu ya usawa wa bahari.

Sipendi kulipita jambo la wapagazi kwa haraka. Kila kioo kilichofika Bujongolo kilifika kwa shingo au mgongo wa mwanamume wa nchi hii, aliyekanyaga matope ya kufika magotini, katikati ya miti ya ajabu iliyoota nywele za kuvu, akijua kwamba akiteleza bidhaa ya bwana itavunjika. Jeshi lolote lililopigana milimani hujua kwamba ushindi huanzia kwa mchukuzi. Vilele vya Rwenzori vilipewa majina ya wafalme, malkia, maofisa na wataalamu. Jina la mpagazi halimo.

Mtawala alifanya kazi kwa haraka ya kijeshi. Mwezi Juni alifika katika mlima Baker, ambao wenyeji huuita Kiyanja, na tarehe 18 Juni 1906 alisimama juu ya vilele viwili vya mlima Stanley, akaviita Alexandra na Margherita, majina ya malkia wa Uingereza na wa Italia. Kabla ya kuondoka, msafara ulikwisha kuvifikia vilele vikuu vya milima yote sita na kuipanga katika ramani: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi, na ule wa kusini. Huu wa mwisho Mtawala alitaka uitwe Thomson, kwa heshima ya msafiri Joseph Thomson, lakini wakubwa wa Chama cha Jiografia cha London wakaona heri ubebe jina lake yeye mwenyewe, Luigi di Savoia. Na katika mlima huo kilele kirefu kikapewa jina la mpiga picha.

Kazi ya Sella haikuweza kwenda kwa haraka hiyo. Mpandaji akifika kileleni katikati ya ukungu amefika, na sifa ni yake. Mpiga picha akifika katikati ya ukungu hajafanya lolote. Sella alikuwa na miaka 46. Alipanda na vyombo vyake, akangoja pazia lifunuke hata kwa dakika chache, na lisipofunuka alirudi siku nyingine. Alipiga picha za vilele na mito ya barafu, za lobelia na miti mingine mikubwa, za maziwa, na za watu. Kitabu cha msafara kilitoka mwaka 1908, kimeandikwa na Filippo De Filippi, ambaye hakuwahi kufika Rwenzori. Aliyasoma maandishi ya Mtawala na kuzitazama picha za Sella, na hayo yalimtosha kueleza mlima ambao hakuuona. Sidhani kama kuna sifa kubwa zaidi kwa mpiga picha.

Kilele jirani cha Sella katika mlima ule ule kimeitwa Stairs, jina la luteni niliyemtaja. Miaka miwili baada ya kujaribu kupanda, Stairs aliongoza msafara wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji kwenda Katanga, na huko, mwezi Desemba 1891, mtawala Msiri aliuawa kwa risasi na mmoja wa maofisa wake. Stairs mwenyewe alikufa kwa homa mwaka 1892, akirejea pwani. Vilele viwili vimesimama pamoja, kimoja cha mtu wa bunduki na kimoja cha mtu wa kamera, na Wakongo walioko Nakivale wana haki ya kuvitazama kwa macho mawili tofauti.

Mwaka 1909 Sella na Mtawala walikwenda pamoja kwa mara ya mwisho, safari hii katika milima ya Karakoram, mpaka chini ya K2, mlima wa pili kwa urefu duniani. Hawakuupanda. Lakini picha za Sella zilisomwa na kila kikosi kilichofuata, na Wataliano walioufikia kilele mwaka 1954 walipita katika mgongo uliokwisha kupewa jina la Abruzzi.

Baada ya hapo Sella alikaa kwao. Mtawala alipigana katika Vita Kuu ya Kwanza akiongoza manowari za Italia, kisha akahamia Somalia, akaanzisha mashamba makubwa kando ya mto Shabelle, mahali panapoitwa Jowhar, na huko akafa na kuzikwa mwaka 1933. Mto huo si mgeni kwa askari wetu waliotumwa Somalia tangu mwaka 2007, wala kwa Wasomali wanaoishi Nakivale. Mwana wa ndugu yake, Mtawala wa Aosta, ndiye aliyesalimu amri Ethiopia mwezi Mei 1941 mbele ya majeshi ya Kiingereza, ambayo ndani yake walikuwamo askari wa King's African Rifles, Waganda, Waacholi, Walango na wengine. Alikufa Nairobi mwaka 1942 akiwa mateka. Ndivyo ukoo ulioacha jina lake juu ya Rwenzori ulivyokutana tena na wana wa Uganda.

Sella hakuacha mlima hata uzeeni. Mwaka 1935, akiwa na miaka 76, alijaribu tena kupanda Matterhorn, na alizuiliwa na ajali iliyomwumiza mmoja wa waongozaji wake. Alifariki Biella tarehe 12 Agosti 1943, siku 16 kabla ya kutimiza miaka 84, nchi yake ikiwa vitani na imebakiza wiki chache tu isalimu amri. Miaka mitatu baadaye Mmarekani Ansel Adams, ambaye wengi humhesabu kuwa mpiga picha mkuu wa milima katika karne ile, aliandika makala ya kumsifu. Adams naye ana mlima wake, katika Hifadhi ya Taifa ya Yosemite. Jina hilo lilifanywa rasmi mwaka 1985, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Sella alikipata kilele chake angali hai, akiwa na miguu ya kukipanda.

Rwenzori yenyewe ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991, na mwaka 1994 ikatiwa katika orodha ya urithi wa ulimwengu. Mwaka 1997 ilifungwa, kwa kuwa waasi wa ADF waliokuwa wamevamia Mpondwe mwezi Novemba 1996 walijificha katika misitu yake, na ilibidi majeshi yetu yajifunze upya vita vya matope, baridi na ukungu katika njia zile zile walizopita wapagazi wa 1906. Ilifunguliwa tena mwaka 2001. Wengi wa waliokuwa katika operesheni ile wanaweza kusimulia juu ya mabonde ya Rwenzori kuliko kitabu chochote, ila kwa bahati mbaya hawakuwa na kamera.

Tangu miaka ya 1950 wataalamu, wakiwamo wa Makerere, wamekuwa wakipanda wakiwa na picha za Sella mkononi. Husimama mahali aliposimama yeye, huelekeza kamera alikoielekeza yeye, kisha hulinganisha. Mwaka 1906 barafu ya Rwenzori ilienea zaidi ya kilomita za mraba 6. Mwaka 2003 ilikuwa imepungua kufikia kiasi cha kilomita moja tu ya mraba, na haijaacha kupungua. Milima ya Emin, Gessi na Luigi di Savoia haina barafu tena hata kidogo. Wazee wa Kikonzo walikwisha kusema kwamba Kitasamba anaondolewa makao yake. Watu wa mbali walitaka ushahidi, na ushahidi uliopatikana ni vioo vya Mtaliano wa Biella vilivyobebwa na wazee wa wazee hao.

Vioo hivyo vimehifadhiwa Biella mpaka leo, katika nyumba ya kumbukumbu ya ukoo wa Sella. Katika picha za mwaka 1906 kilele cha Sella na majirani zake bado vina barafu. Apandaye leo kutoka Kilembe hukuta mawe meusi, maji yanayotiririka, na ukungu.